Ukisafiri na watoto wadogo kipindi cha joto, tafuta kwanza kiwanja cha maji cha bure

Niseme moja kwa moja, kama unasafiri na watoto wa chini ya miaka 6 hivi na ni kipindi cha joto, kabla hujalipia bustani ya maji ya kiingilio angalia kwanza kama huo mji una kiwanja cha maji cha bure. Naongelea vile viwanja vya wazi ambavyo maji yanaruka kutoka kwenye matundu sakafuni au yanamwagika kutoka kwenye mabomba na ndoo za juu, hakuna bwawa wala tiketi, mtoto anaingia anakimbia analowa anatoka. Miji mingi sana inavyo siku hizi na wageni wanapita pembeni wanadhani ni urembo tu wa kupigia picha.

Faida yake kubwa mimi naona sio hata hela, ni kwamba unaweza kuondoka muda wowote. Ukishalipia familia nzima unajikuta unalazimisha, mtoto kachoka analia na bado unambembeleza abaki sababu hela imeshatoka. Kwenye cha bure akicheza dakika 20 akatosheka mnajifuta mnaenda zenu, kesho mkitaka mnarudi. Wangu walivyokuwa wadogo tulikuwa tunapanga siku hivi, asubuhi tunatembea kuangalia mambo ya wakubwa, afu maji, afu kula na kulala, na nilichogundua ni kwamba mtoto akijua maji yapo mbele anavumilia hata foleni, na akitoka pale analala fofofo kwenye kigari na nyie mnapata saa nzima ya kuongea kama watu wazima.

Sasa vipo wapi? London nyuma ya stesheni ya King's Cross kuna Granary Square, matundu 1,080 yamepangwa sakafuni na watoto wanajaa humo jua likitoka. Chicago ndani ya Millennium Park kuna Crown Fountain, ipo tangu 2004, minara miwili ya kama mita 15 inaonyesha sura za watu na ghafla ile sura inatema maji mdomoni, watoto wanapiga kelele balaa. Bordeaux kule Ufaransa kuna kioo cha maji mbele ya Place de la Bourse, maji ni kama sentimita 2 tu halafu yanapotea unakuja ukungu, kwa mtoto anayeanza kutembea sijui kama kuna kitu kitamu zaidi ya ule ukungu. Singapore bustani ya watoto ya Gardens by the Bay ni bure na wadogo wana sehemu yao mbali na wakubwa. Sydney pale Darling Quarter watoto wanapampu maji wenyewe na kuyazuia kwa vigeti, hapo hata wa miaka 9 hachoki, ila kumbuka kiangazi cha kule ni Desemba mpaka Februari.

Mji usioujua, fungua ramani ya simu utafute bustani za umma zenye sehemu ya watoto afu angalia picha walizoweka watu, ukiona mtoto amelowa kwenye picha umepata. Au muulize mzazi yeyote mwenye kigari, hao ndo wanajua kuliko mtu wa mapokezi hotelini. Angalia pia msimu, kwenye nchi za baridi vingi vinafunguliwa miezi ya joto tu, na radi ikianza maji yanazimwa. Na mkifika mkakuta pakavu msikate tamaa haraka, vingine vina kitufe au nguzo ya kugusa ndo maji yatoke, yanatoka dakika chache yanajizima.

Haya sasa usalama, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu maji ya kifundo cha mguu yanatudanganya wazazi. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5 tu, kwahiyo simu kaa nayo mbali, na mkiwa watu wazima wawili mkubaliane kwa mdomo kabisa nani anaangalia sasa hivi, maana kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia basi hakuna anayeangalia. Mvalishe rangi kali, chungwa au ya waridi inayowaka, umwone katikati ya kundi.

Halafu yale maji. Viwanja vingi vinazungusha maji yaleyale, yanashuka kwenye tangi chini yanasafishwa yanarudi, na maji yakirushwa hewani klorini inapungua haraka. Kuna kimelea kinaitwa Cryptosporidium kinachoharisha watu, kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 hata kwenye maji yenye klorini ya kutosha. Kwahiyo mtoto anayeharisha haingii, hata kama ndo siku yenu ya mwisho na analia. Wafundishe wasinywe yale maji na wasikalie matundu, wape maji yao ya kunywa kabla hawajaanza. Nepi za kuogelea zinashika kinyesi kidogo ila vijidudu hazizuii, mkague kila saa na umbadilishie chooni, sio pale pembeni.

Jua ni kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, ndo maana napenda kwenda asubuhi au jioni. Losheni ya jua paka kabla hamjafika, rudia kila baada ya saa 2 na kila akijifuta, na kichanga wa chini ya miezi 6 mweke tu kivulini. Sakafu ya mpira au zege ikipigwa na jua inaunguza nyayo kabisa wakati hatua mbili mbele imelowa na inateleza, kwahiyo viatu vya kushika mguu, sio ndala. Na hata kwenye joto kali mtoto anapata baridi akiwa amelowa na upepo unavuma, midomo ikianza kuwa ya bluu mtoe, mfute, mvalishe nguo kavu zote mpaka ya ndani.

Kwenye kutoka ndo vita ilipo. Mwambie mapema, zimebaki dakika 5, afu mwache achague tundu la mwisho la kurukia, na taulo na kitu cha kutafuna viwe mkononi mwako tayari kabla hujamwita.