Ukingo mweupe wa mninga

SWALI: Nimenunua mbao za mninga za kitanda. Baadhi zina ukingo mweupe, na fundi anasema hauna neno. Nimwamini?

JIBU: Hapana, usikubali! Kinachostahimili mchwa ni kiini cha kahawia. Ukingo mweupe huliwa na wadudu wanaotoboa mbao na kuacha unga laini. Aukate wote kabla ya kuranda. Mninga hunywea kidogo sana unapokauka, ndiyo maana viungo vyake hudumu, lakini mbao mbichi bado zitavilegeza. Zipangeni kivulini, kila tabaka likitenganishwa kwa vijiti vya sentimita 2.5, hadi unyevu ukaribie asilimia 12. Karibu na ncha, atoboe kabla ya kufunga skrubu. Na avae barakoa: vumbi lake huwasha pua na kubana kifua.