Mwanangu, ifungue bolti kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifikia. Umeniambia umenunua bunduki ya SKS ya mkono wa pili, kibali unacho, nayo inang'aa mafuta kama imetoka kiwandani jana. Unauliza kama ukiifuta kwa kitambaa tu inatosha kwenda nayo uwanja wa shabaha Jumamosi. Haitoshi.

Hayo mafuta ndiyo yanayonitia wasiwasi. Bunduki hiyo Mrusi mmoja, Simonov, aliibuni mwaka 1945, na nyingi zilipakwa grisi nzito zikalazwa ghalani miaka na miaka. Grisi huingia hadi ndani ya bolti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuufunga mtutu, mle inamopita pini inayogonga fataki, yaani kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti. Katika SKS nyingi pini hiyo haina springi ya kuirudisha, inacheza yenyewe tu. Ikigandia mbele, bolti ikijifunga itaigonga fataki hata kama hujagusa kifyatulio, na kwa kuwa bunduki inajipakia yenyewe, inaweza kumaliza risasi zote kumi mikononi mwako. Basi toa bolti, chomoa pini, osha vyote kwa mafuta ya taa mahali penye hewa, mbali na moto, kisha uvikaushe. Ukishairudisha pini, itikise bolti karibu na sikio. Lazima uisikie ikicheza, kacha, kacha. Ikiwa kimya, anza upya.

Halafu ipeleke kwa fundi wa bunduki aipime kabla haijapigwa. Mwombe alinganishe namba ya bolti na ya mwili. Zikitofautiana, huenda bolti ilitoka bunduki nyingine na haikai sawasawa, na hapo ndipo ganda la risasi linaweza kupasuka karibu na uso wako. Risasi zake ni 7.62×39. Usidanganywe na 7.62×51, hizo zinafanana mwanzo wa jina tu. Ukipiga risasi kuukuu za kijeshi, nyingi fataki zake huacha chumvi inayokula chuma, kwa hiyo siku hiyohiyo pitisha maji ya moto kwenye mtutu, pistoni na bomba la gesi, kausha, paka mafuta.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza. Nilipokuwa na umri wako nilitaka kutoa risasi kwenye bunduki ya kujipakia. Nikavuta bolti, risasi ikaruka nje, nikaiachia bolti. Ndipo nikatoa magazini, lile kasha la risasi, nikaamini bunduki iko tupu. Kumbe bolti iliporudi mbele ilibeba risasi nyingine. Nilipovuta kifyatulio ililia. Mtutu ulikuwa umeelekea ardhini, na ndiyo sababu hakuna aliyeumia. Hadi leo naukumbuka ule udongo ukiniruka usoni.

Magazini kwanza, mwanangu. Kwenye SKS yako fungua kifuniko cha chini, risasi zidondoke, ndipo uvute bolti itoe iliyobaki ndani. Funga magazini tupu, vuta tena. Bolti itabaki nyuma yenyewe. Chungulia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kisha ipapase kwa kidole kidogo, maana gizani macho hudanganya. Muda wote huo mtutu usimwelekee mtu.

Ifungie kabatini, risasi zikae kabati jingine, na funguo utembee nazo wewe. Jumamosi usiende uwanjani. Nakuja na brashi zangu, tuifungue hiyo bolti pamoja.

Baba yako