Nimekabidhiwa ngoma kwenye kikundi cha maharamia, nianzie wapi?

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa vijana wanaoigiza maharamia wa zamani, wale wa makoti marefu na mapanga ya mbao ufukweni siku za wikendi. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu ndo yenye kazi.

Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana wa Kigamboni, tuna kikundi chetu tunaigiza maharamia wa miaka ya 1700, nguo tunashona wenyewe na Jumapili tunafanya shoo ufukweni, watoto wanafurahi balaa. Sasa kapteni wetu kasema lazima tuwe na ngoma ya asili na mimi ndo nimekabidhiwa, eti kwasababu babu yangu ni Mzaramo wa Kisarawe. Sijawahi kushika ngoma maishani. Nimeangalia YouTube, nikaenda Mwenge kuulizia bei ya djembe, alafu nikasema kabla sijatoa hela nikuulize. Ninunue ipi na nianzie wapi? Shoo kubwa ni Desemba. (Mpiga ngoma mtarajiwa, Kigamboni)

Marahaba mwanangu. Hela yako iache mfukoni kwanza. Djembe ni ngoma nzuri sana ila kwao ni Afrika Magharibi, huko Mali na Guinea kwa Wamandinka, na imejaa madukani Dar kwasababu watalii wanaipenda na inabebeka. Ukitaka kujifunza djembe jifunze, hamna ubaya, lakini kapteni wako kasema ngoma ya asili, babu yako Mzaramo, na hapo Kigamboni unapokaa ni Uzaramoni kwenyewe. Mi ningekupeleka kwenye mdundiko moja kwa moja.

Mdundiko kila mtu wa Dar anaujua hata kama hajui kuupiga. Ni ile ngoma ya kutembea, ikipita mtaani watoto wanaifuata mpaka wanapotelea mitaa ya watu, wazazi wanahangaika kuwatafuta jioni. Wapigaji wanabeba ngoma huku wanakwenda, watu nyuma wanaimba na kucheza, hakuna jukwaa wala viti. Sasa we fikiria shoo yenu, mnashuka kwenye ngalawa mnapanda ufukweni kuelekea kwa watu, mnahitaji ngoma inayotembea na nyie, na hiyo ipo tayari na imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo.

Kujifunza kwenyewe ni kwa watu. Vikundi vya mdundiko bado vinaalikwa kwenye harusi na sherehe za kutoa mwali, ukiuliza Mbagala, Kisarawe au hapohapo Kigamboni huwezi kukosa wa kukuelekeza, na babu kama yupo hai anza na yeye maana hata kama hakuwahi kupiga atajua nani alikuwa anapiga. Nenda kama msikilizaji. Wabebee wazee ngoma, saidia kuzipasha moto, kaa karibu na mpigaji uangalie mikono. Usiende na kofia ya uharamia siku ya kwanza, ila usifiche pia unachotaka kwenda kufanya nayo, sema wazi kabisa, wazee wakishaelewa kuna kijana anataka kujifunza huwa wanafurahi na watakwambia wenyewe kipi kinafaa kwenda ufukweni na kipi hakifai.

Watakupa kingoma kidogo, kile kinachorudia kitu kimoja mwanzo mpaka mwisho, na utatamani ile kubwa inayoongea. Vumilia. Hapa ndo vijana wengi wanaharibu, wanataka kuongoza kabla hawajajua kushikilia. Ile ngoma inayoongoza inaweza kuzunguka na kuchezacheza kwasababu kuna mwenzake pembeni hayumbi, akiyumba yule mdogo wote mnaanguka, wachezaji wanakosa pa kuweka mguu. Kwahiyo mpiga kingoma kidogo ana kazi nzito kuliko inavyoonekana, na kwenye kikundi chenu chenye watu wanaorusha mapanga na kupiga kelele ndo anahitajika kuliko wote.

Zoezi la nyumbani, huhitaji hata ngoma. Ngoma zetu nyingi za pwani na hata za bara zina tatu na mbili ndani yake kwa wakati mmoja. Kaa, hesabu moja mpaka sita polepole bila kusimama, mkono wa kulia upige paja kwenye moja, tatu na tano, wa kushoto upige kwenye moja na nne. Mwanzoni mikono itagombana. Rudia polepole mpaka iache kugombana, alafu badilisha, kushoto ichukue tatu na kulia ichukue mbili, alafu simama utembee huku unafanya, miguu ikienda na zile mbili. Ukiweza kutembea, kupiga na kuimba bila mwendo kubadilika basi umeshapata msingi na mwalimu wako hatapata tabu na wewe.

Ugonjwa mkubwa wa anayeanza ni kukimbia, yani unaanza vizuri, watu wanashangilia, damu inachemka, ukija kushtuka mko mwendo ambao hakuna anayeweza kuucheza. Jirekodi kwa simu kila ukifanya mazoezi, sikiliza mwanzo na mwisho, utajisikia mwenyewe. Na hapo ndo klipu zina faida, muombe mwalimu ruhusa umrekodi uwe unakumbukia nyumbani, ila YouTube peke yake haitakwambia umekosea wapi, itaendelea tu kupiga.

Kuhusu Desemba usijipe mzigo. Mdundo mmoja, wimbo mmoja, mwendo mmoja usioyumba kuanzia majini mpaka kwenye turubai la watazamaji, hiyo inatosha kabisa. Na hili mwambie kapteni mapema, shoo ifuate ngoma, isiwe yeye akitaka kuhutubia anapunga tu mkono ngoma ikatike katikati ya wimbo. Pangeni ishara, mpigaji aliyeongoza amalizie vizuri alafu kapteni aongee. Ngoma itumieni pia kwa amri, kwenye meli za vita za Uingereza za enzi hizo ngoma ndo ilikuwa inawaita mabaharia wakae kwenye nafasi zao za mapigano, kwahiyo mdundo fulani ukilia maharamia wote wakimbilie mizinga, mwingine ukilia wapande ngalawa, itapendeza na ni kweli ya kihistoria.

Ngoma za kuziacha kabisa ni zile za uganga kama madogoli, na za ndani ya jando na unyago. Hizo zina wenyewe na zina kazi zake, ufukweni sio mahali pake. Mwalimu wako mlipe, na siku ya shoo mtaje mbele ya watu alikufundisha nani.

Ukitaka kuona ngoma za makabila tofauti kabla hujaamua, nenda Kijiji cha Makumbusho pale Barabara ya Bagamoyo, kipo tangu 1966. Na ukipata nafasi ya kwenda Bagamoyo kuna TaSUBa, ambayo ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, wale ngoma ndo kazi yao.

Mwalimu naomba utuamue. Kaka yangu anasema kuchanganya ngoma na maharamia wa kizungu ni kuidhalilisha ngoma. Alafu kwenye kikundi kuna msomi mmoja anasema maharamia hawakuwa na muziki wowote, ni mambo ya sinema tu. Nani yuko sahihi? (Baharia wa nchi kavu, Mbezi)

Huyo msomi wenu hayuko sahihi. Sheria za meli ya Bartholomew Roberts, haramia aliyeuawa mwaka 1722 pwani ya Afrika ya Kati, zilikuwa na kifungu kabisa kuhusu wanamuziki, wapumzike siku ya Sabato, siku sita zilizobaki mchana na usiku wapige wakitakiwa isipokuwa wakipewa ruhusa maalum ya kupumzika. Na wapo kati yao waliosema mahakamani kwamba walichukuliwa kwa nguvu kwenye meli walizokuwa wanafanyia kazi. Mngeigiza hilo, mwanamuziki mateka anayelazimishwa kupiga watu wanapoibiwa, mi ningelipia kiingilio.

Kuna kingine ambacho napenda vikundi vyenu visikiruke. Kwenye meli za Roberts kulikuwa na Waafrika wengi tu. Walipokamatwa, Wazungu walipelekwa kuhukumiwa Cape Coast, Ghana ya leo, na Waafrika wakauzwa utumwani. Kijana Mswahili anayevaa lile koti ajue habari hiyo, na kama mna nafasi kwenye shoo isemeni.

Bahari yetu nayo haikuwa mbali na mambo hayo. Haramia Henry Every aliiteka meli ya Kihindi Ganj-i-Sawai mwaka 1695 ikiwa na mahujaji wanaotoka Makka, William Kidd alisimama Komoro mwaka 1697, na mwaka 1720 maharamia walipigana na meli ya Kiingereza Cassandra hapo Nzuani, kisiwa cha hukohuko Komoro. Ila tafadhali msiweke kwenye shoo kwamba walitua Dar es Salaam, mji wenyewe Sultan Majid alianza kuujenga miaka ya 1860, kabla ya hapo palikuwa kijiji cha Mzizima. Mkitaka uvamizi wa baharini wa kwetu kabisa someni habari za Kua, kisiwani Juani, Mafia, mji uliovamiwa na Wasakalava waliotoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Magofu yake yapo mpaka leo.

Sasa kaka yako. Namuelewa, na wasiwasi wake una msingi maana nimeona ngoma ikigeuzwa kuwa kelele ya kusindikizia watu wasiojua hata inaitwaje, hiyo ndo dharau. Lakini kuchanganya peke yake sio dharau, mbona Dar imeshafanya hivo zaidi ya miaka mia iliyopita? Kulikuwa na beni, watu wa pwani walichukua gwaride na bendi za kijeshi za Wazungu wakatengeneza ngoma yao, wakavaa sare, wakapeana vyeo vya jeshini, vikundi kama Marini na Arinoti vikashindana miji yote ya pwani hadi bara. Watu wale walivaa nguo za mabaharia na maofisa wa kigeni lakini nyimbo walitunga wenyewe kwa Kiswahili na mashindano yalikuwa yao. Kikundi chenu kikienda njia hiyo, mkaimba Kiswahili na ngoma mkaipiga kama inavyopigwa kwao, kaka yako mleteni aje aone.

Shikamoo, mi ni msichana nipo kwenye kikundi cha maharamia Kunduchi. Nataka kupiga ngoma ila wenzangu wa kiume wananiambia mwanamke anacheza, hapigi, ndo mila. Kweli? (Haramia wa kike)

Marahaba binti yangu. Sio kweli, na waambie nimesema mimi. Wagogo wana muheme, wapigaji ni wanawake, wanabana ngoma katikati ya mapaja na wanapiga huku wakicheza, ukiwaona hutasahau. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, kila mtu anamjua kwa taarab lakini alikuwa bingwa wa ngoma za unyago, anaifunga ngoma kiunoni anaisimamia mwenyewe. Kuna ngoma ambazo kwenye jamii fulani hupigwa na wanaume tu, hizo ukifundishwa na wenyewe utaambiwa na utaheshimu, lakini kusema mwanamke hapigi ngoma ni maneno ya mtu anayeogopa kunyang'anywa nafasi. Nimesema hapo juu za unyago zisiletwe ufukweni na hiyo inakuhusu na wewe, ila muheme ukimpata mama wa Kigogo wa kukufundisha, na hapa Dar wapo wengi, shika.

Na maharamia wanawake wapo kwenye historia, Anne Bonny na Mary Read walihukumiwa Jamaika mwaka 1720, kwahiyo hata kwenye uigizaji wasikupangie kupika.

Mwalimu ngoma yetu mchana inalia vizuri, ikifika jioni ufukweni inakuwa kama unapiga mto. Tufanyeje? (Kikundi, Msasani)

Ni unyevu wa bahari, ngozi inanyonya maji inalegea. Washeni moto mdogo wa makuti au makaratasi, ngozi iangalie moto kwa mbali, muwe mnaizungusha na kuigonga kidogo huku mnasikiliza, ikishapanda itoeni, msiiache mpaka ianze kunuka kuungua. Kila kikundi cha ngoma kinafanya hivo, kwahiyo tengeni mtu wa moto kwenye kila shoo, na mbebe ngoma mbili mpishanishe, moja ikilia nyingine inaota.

Maji ya chumvi yakiirukia futeni na kitambaa cha maji yasiyo na chumvi kilichokamuliwa, alafu ikauke kivulini. Msiiweke kwenye sakafu ya saruji usiku, wala kwenye buti la gari limepaki juani, itapasuka. Kama hata ikipata moto hailii, ngozi imechoka, mpelekeeni fundi awambe nyingine, ya mbuzi kwa ngoma ndogo maana ni nyembamba na sauti yake ni kali, ya ng'ombe kwa ile kubwa. Ngozi mpya inalowekwa ndo inawambwa na inataka siku kadhaa ikauke yenyewe, kwahiyo msimpelekee Ijumaa mkaitaka Jumapili.