Vidole vinacheza, lakini mfupa je?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 19. Siku 12 zilizopita alianguka na skuta ya umeme huku Mikocheni; gurudumu la mbele liliingia kwenye shimo, akatua kwa kiganja. Siku ileile alipigwa eksirei, tukaambiwa hakuna kilichovunjika. Vidole vyote vinacheza na uvimbe umepungua, ila chini ya kidole gumba bado panauma. Kuna mzee anakuja jioni kumchua kwa maji ya moto na mafuta, anasema mshipa umehama. Aendelee? (Mama, Kinondoni)

JIBU: Hapana, mama. Mzee asiuguse tena mkono huo, na kesho asubuhi mrudishe kijana hospitali.

"Vidole vinacheza." Maneno haya nayasikia kila siku pale mapokezi ya dharura, na yananiumiza kwa sababu wanaoyasema hufika wamechelewa. Misuli mikubwa inayokunja vidole iko juu, karibu na kiwiko. Inavivuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Mfupa mdogo wa hapo ukivunjika kano hazijakatika, kwa hiyo vidole vitaendelea kucheza kama kawaida. Na huo mshipa haujahama, basi hakuna cha kurudisha.

Skuta hizi zina magurudumu madogo, na mwendeshaji amesimama wima. Likikwama shimoni, mwili unatupwa mbele na mikono inatangulia. Ndipo anapoumia mfupa uitwao skafoidi, ulio chini ya kidole gumba, mdogo na uliopinda kama korosho. Mwambie kijana ainue kidole gumba, kisha ubonyeze taratibu kishimo kinachojitokeza pembeni mwa kifundo. Pakimuuma, tunamhesabu amevunjika hadi ithibitike vinginevyo. Ufa wa mfupa huu mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza, ndiyo maana tunarudia baada ya siku 10 hadi 14, au tunatumia vipimo vya picha vya CT au MRI. Aliyewaambia "hakuna kilichovunjika" alipaswa kumfunga mkono na kumpa tarehe ya kurudi. Kama hakufanya hivyo, hilo ni kosa letu sisi wa hospitali, si lako.

Skafoidi inapata damu kwa kuingilia upande wa vidole, ikirudi nyuma. Ikikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu na kufa. Mfupa unaotafuta kuunga unahitaji utulivu. Kila jioni anapochuliwa, vipande vinasogezwa. Akiwahi, huenda akafungwa hogo (plasta ngumu) kwa wiki kadhaa, au akatiwa skrubu. Akichelewa, mfupa unaweza usiunge kabisa, na miaka michache baadaye ashindwe kukamua nguo au kunyanyua ndoo.

Na huyo mzee wako angalau anachua tu. Wapo wanaofunga vijiti na vitambaa, wakakaza mpaka mkono unageuka rangi, halafu wanamwambia mgonjwa avumilie, eti maumivu ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Huo ni uongo unaokata mikono ya watu! Misuli ya mkono imezungukwa na utando usiotanuka. Uvimbe ukibanwa ndani na kitambaa nje, damu haiifikii, na ndani ya saa 6 hivi huanza kufa. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ganzi, maumivu makali mtu mwingine anapomnyoosha vidole: fungua kitambaa papo hapo, uje usiku huohuo. Usidanganywe na mapigo ya mkononi, kwani yanaweza kuwepo huku misuli inakufa. Nimewapokea watoto waliofungwa hivyo siku mbili, na wazazi wao walikuwa wamekwisha lipa.

Bodaboda bado ndio wanaojaza vitanda vyetu, lakini kifundo cha aliyedondoka na skuta huvunjika vilevile, na wachuaji ni walewale.

Kesho njoo na ile picha ya kwanza tuilinganishe na mpya. Hadi mtakapofika, mkono ukae umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, asinyanyue kitu, na maji ya moto yaachwe. Muulize pia kama aligonga kichwa. Kama kinamuuma bila kupoa, anatapika au analala kupita kawaida, usisubiri asubuhi.