Jibu: Mnara wa taa wa St. Marks, uende mwezi gani?

Ndugu, umeuliza kama mnara wa St. Marks kule Florida unafaa kwa matembezi ya siku moja, na uende lini. Unafaa sana, na mimi ningechagua Oktoba. Ndipo vipepeo aina ya monarch hutua hapo wakiwa safarini kuelekea Mexico. Huvamia vichaka vyenye maua karibu kabisa na mnara, mabawa ya rangi ya chungwa yakifunguka na kufumba.

Ila usiukimbilie mnara. Anzia kituo cha wageni, maana lenzi ya zamani ya mnara, aina ya Fresnel, imewekwa humo: pete za vioo zilizokatwa kwa ustadi wa ajabu kukusanya mwanga wa taa moja ndogo. Kisha endesha polepole ile barabara ya kama kilomita 11 inayopita katikati ya madimbwi. Beba darubini, ndege ni wengi mno. Mamba huota jua kandokando, kwa hiyo watoto wasisogelee maji.

Mnara uliopo ni wa 1842. Ndani hakufunguliwi kila siku, ulizia kabla. Na dawa ya mbu, tafadhali usiisahau.