Kiti cha bodi ya jiji hupatikanaje?

Tangu Eldoret ipandishwe hadhi kuwa jiji Agosti 2024, wasomaji wengi wameniuliza kuhusu bodi zinazosimamia majiji yetu. Majibu yangu yanatoka katika Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyorekebishwa 2019.

Nauza mitumba Kibuye, Kisumu, mwaka wa kumi na mbili huu. Bodi ya jiji si ya wasomi na marafiki wa gavana tu?

Hapana, mama. Wanachama hawazidi 11. Sita hupatikana kwa ushindani: nafasi inatangazwa, unaomba, unahojiwa. Wengine, angalau watano, hupendekezwa na vyama, kisha majina yao yanaidhinishwa na bunge la kaunti. Vyama hivyo ni vya wanataaluma, vya sekta ya kibinafsi, vya sekta isiyo rasmi, vya wakazi wa mitaa, na kile cha maeneo ya miji na majiji.

Hapo kwenye sekta isiyo rasmi ndipo mlipo, wewe, fundi wa jua kali na mama mboga. Lakini sheria inasema vyama *vilivyosajiliwa*, na neno hilo moja ndilo linalowafungia nje watu wengi wa soko. Kikundi chenu kinaweza kuwa kimezikana na kusomesheana watoto kwa miaka, ila bila cheti hakina jina la kupeleka. Kwa sheria ya makundi ya jamii ya 2022, watu kumi wanatosha kusajili kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Nawasihi msajiliwe mapema, kabla kiti hakijatangazwa kuwa wazi, kisha mkubaliane na vikundi vingine vya soko juu ya mtu mmoja. Soko likinyamaza, jina litatoka kwingine.

Mimi ni mpangaji Langas, Eldoret, na kwetu ni Kakamega. Nikiomba si nitaambiwa si wa hapa?

Akikuambia hivyo mtu, mwonyeshe sheria. Inataka uwe raia wa Kenya, kisha uwe mkazi wa jiji, au uwe unafanya biashara humo, au uwe umeishi humo angalau miaka mitano. Kabila halimo, wala hati ya shamba. Mpangaji anayelipia maji na taka kila mwezi ni mkazi kamili, na nashikilia hilo kwa nguvu zote. Omba, ndugu yangu.

Mwalimu mstaafu, Nakuru: kuna mshahara? Na mwenyekiti anateuliwa na nani?

Mshahara hakuna, mwalimu. Ni marupurupu tu, kwa sababu kazi si ya kila siku. Muhula ni miaka mitano na bodi hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Mwenyekiti huchaguliwa na wanachama wenyewe. Akiwa mwanamume, naibu wake lazima awe mwanamke, au kinyume chake.

Sisi wa Mombasa mbona hatusikii bodi kama hiyo?

Mombasa, sawa na Nairobi, ni jiji na kaunti kwa pamoja, kwa hiyo linaendeshwa na serikali ya kaunti yenyewe.

Gavana amependekeza mtu tunayejua hafai. Tufanye nini, ama ndiyo imeisha?

Haijaisha. Jina likifika bunge la kaunti, mhusika hupigwa msasa na kamati, na sheria ya 2017 kuhusu uidhinishaji huo inataka umma uarifiwe angalau siku saba kabla. Katika siku hizo, mtu yeyote anaweza kumwandikia karani wa bunge la kaunti akipinga. Msiishie kulalamika kwa simu redioni. Andikeni taarifa ya kiapo, iapwe mbele ya wakili au hakimu, mkiambatanisha ushahidi wenu: tarehe, stakabadhi, barua. Ipelekeni kabla ya kikao cha msasa, na mbaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.