Pampu ya mashine ya bloku inalia, na ikipata moto nguvu inaisha

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine ya haidroliki ya kupiga bloku hapa Malindi, yadi iko njia ya kwenda Mambrui. Pampu ni ya veni (vibapa vinavyozunguka ndani na kusukuma mafuta), inazungushwa na mota ya umeme ya fezi tatu. Tangu mwezi uliopita inapiga kelele kama changarawe ndani ya debe, asubuhi inafanya kazi lakini ikifika saa nne presi haina nguvu tena, bloku zinatoka laini. Mafuta nayo yamekuwa meupemeupe. Fundi wa hapa anasema ninunue pampu mpya, bei yake inanitisha. Je inaweza kufunguliwa ikatengenezwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Inatengenezeka, lakini usiiguse bado na mpya pia usinunue, manake hata ukifunga mpya leo kwenye mafuta hayohayo na tangi hilohilo italia vilevile na pesa ishaenda. Pampu ya veni ni nadra kufa yenyewe, huwa inauliwa, na mara nyingi muuaji yuko upande wa kuvuta mafuta ama ni mafuta yenyewe.

Kwanza huo weupe. Teka mafuta kwenye chupa ya kioo uyaache yatulie kama saa moja. Yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu, hiyo ilikuwa hewa. Yakibaki na ukungu ni maji, na ukitaka uhakika dondosha tone moja kwenye bati la moto, likichachatika basi maji yamo. Huku kwetu pwani hewa ina unyevu na chumvi, tangi likipoa usiku linavuta hewa hiyo kupitia kifuniko cha kupumulia, na kama kifuniko hakina filta basi na vumbi la simiti na mchanga linaingia humohumo. Simiti ndani ya haidroliki ni msasa.

Kelele ya changarawe sanasana ni hewa, pampu inayokosa mafuta kwa chujio kuziba ama mafuta mazito yenyewe hupiga mluzi mkali. Ziko siku zote mbili zipo pamoja. Mashine ikizunguka paka grisi kwenye viungo vyote vya paipu ya kuvuta, kimoja kimoja, na kwenye sili ya shafti pia, kelele ikibadilika umempata mwizi. Angalia na kiwango cha mafuta, halafu paipu inayorudisha mafuta iwe imezama ndani, sio inamwaga kutoka juu na kupiga povu. Chujio la ndani ya tangi litoe lioshwe, wengi hawajui hata kama lipo.

Nguvu kuisha saa nne ni kwa sababu mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi na kuvuja ndani kwa ndani, lakini si lazima pampu ndo inavuja. Valvu ya rilifu, ile inayorudisha mafuta tangini presha ikizidi, ikikwama wazi inafanya vilevile. Weka geji ya kupimia presha, halafu angalia joto la paipu inayotoka kwenye rilifu kwenda tangini wakati presi inasukuma, ikiwa moto kupita zingine basi mafuta yanapitia hapo na pampu yako haina kosa. Ukitafuta uvujaji usipapase kwa mkono, tumia kipande cha kadibodi, mafuta ya presha yanatoboa ngozi hata huoni tundu na hiyo ni hospitali mara moja.

Haya, tuseme rilifu iko sawa. Shusha presi chini, toa presha yote, zima na ufunge swichi. Osha pampu kwa nje mpaka iwe safi kabisa, piga alama kwenye kifuniko na bodi manake kifuniko hicho kinaweza kukaa pande zaidi ya moja, halafu fungua. Ndani utakuta rota yenye nyufa (ni mifereji iliyochongwa, sio mipasuko), vibapa vya veni ndani yake, ringi inayozizunguka, na pleti za pembeni. Kabla hujachomoa veni hata moja piga picha na simu, ncha zake zina upande wa kuangalia, na mishale ya mzunguko iko kwenye ringi.

Pitisha ukucha ndani ya ringi. Ukisikia mawimbi, ringi imekwisha, na usidanganywe ubadilishe veni peke yake, veni mpya kwenye ringi yenye mawimbi ni kutupa pesa. Kwa pampu nyingi za viwandani ringi, rota, veni na pleti zinauzwa pamoja kama kit, na hiyo ndo nafuu yako, bodi na shafti vinabaki. Veni ikipakwa mafuta iteremke kwenye ufa kwa uzito wake, ikikwama kuna uchafu ama ufa umeumia. Usipige tupa popote, nafasi humo ni ya maikroni, yaani vipande vya elfu vya milimita.

Beringi ikiwa imekufa jiulize kwa nini. Pampu kama hizi zina milango miwili ya kuvuta na miwili ya kusukuma inayotazamana ili presha isiegemee shafti upande mmoja, ni ubunifu wa Harry Vickers wa Marekani wa mwaka 1925, kwa hivo beringi kufa mapema ni kaplingi, kiungo cha mota na pampu, haikunyooka ama mtu aliipigilia kwa nyundo.

Wakati wa kufunga, weka sili mpya mdomo ukiangalia mafuta, kaza bolti kwa msalaba huku unazungusha shafti kwa mkono, ikigoma legeza uanze upya. Tangi limwage na ulifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mafuta ya haidroliki namba 46, ama 68 kama yadi haina kivuli, na uyapitishe kwenye filta hata kama dramu ni jipya. Usivuke digrii 60 hivi. Filta ya kurudisha iwe ya maikroni 10.

Usiwashe pampu ikiwa kavu, jaza mafuta ndani yake kwanza, legeza rilifu, kisha gusa swichi uone inazunguka upande wa mshale, manake umeme ukitengenezwa laini fezi zinaweza kugeuka na pampu mpya ikaungua palepale. Upande ukiwa sawa, iache ifike spidi yote, chini ya mizunguko 600 kwa dakika veni hazirushwi nje vizuri na haitavuta. Ikikataa kuvuta ndani ya sekunde chache zima utafute hewa inapoingilia. Ikishavuta iende bila mzigo robo saa, ndo upandishe presha kidogo kidogo.